MAS'ALA YA MTOTO WA MBWA ALIYEOKOTWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kiumbe atambaaye juu ya ardhi na akamkadiria riziki yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: hiki ni kijitabu kidogo katika mas'ala ambayo wengi huyacheka, na wachache huyauliza. Nimekiandika kwa ajili ya wanafunzi wa madrasa na kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa pande zetu hizi za Fukayosi na Bagamoyo, nao ndio wenye haja nayo zaidi. Namuomba Mwenyezi Mungu akijaalie kuwa chenye nafuu.

SABABU YA KUANDIKA

Kijana mmoja wa hapa petu, afanyaye kazi Dar es Salaam, alikuja kwao akiwa ameshika kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na mtoto wa mbwa. Alimtoa katika nyumba moja ya huko mjini ambamo huwekwa wanyama waliotupwa na watu. Rangi yake ni ya kahawia, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mama yake alikuwa mbwa koko wa mitaani, na baba yake hajulikani wa aina gani.

Mama wa kijana huyo ni mtu wa sala na uradi. Siku ya pili yule mtoto wa mbwa aliingia jikoni akaramba sufuria. Mama akaitupa sufuria jalalani, akaapa kwamba hatakula chakula kilichopikwa katika nyumba ile maadamu mbwa yumo. Majirani wakagawanyika. Wako waliosema kijana amekufuru. Wako waliosema hayo ni mambo ya zamani, na mbwa ni mnyama kama paka. Mmoja wao akatoa shauri: atiwe katika gunia usiku, apelekwe kando ya barabara iendayo Msata, aachwe huko.

Kijana akanijia baada ya sala ya alasiri. Akaniamkia, akakaa, akasema: "Maalim, mama amekasirika, na mimi nilimhurumia kiumbe. Je, nimefanya dhambi? Nimtupe?"

Nikamwambia: "Mwanangu, hilo si suali moja. Ni masuali matano uliyoyafunga fundo moja, na kwa sababu hiyo watu wanagombana: huyu ajibu hili, na yule asikia lile." Basi nitayafungua hapa moja baada ya moja.

FASLI YA KWANZA: KATIKA KUMHURUMIA MBWA

Suali: Je, kumhurumia mbwa na kumlisha kuna thawabu, au ni kazi bure?

Jawabu: Kuna thawabu, wala hapana khitilafu katika jambo hili. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, habari ya mtu aliyeteremka kisimani akanywa maji, kisha alipotoka akamwona mbwa akihema kwa kiu na kulamba udongo mbichi. Akateremka tena, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamkubalia kitendo chake na akamsamehe. Sahaba wakauliza kama wana ujira hata kwa wanyama, na Mtume (S.A.W.) akawajulisha kwamba katika kila chenye uhai mna ujira. Na kinyume chake imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachie ajitafutie.

Tazama, ewe ndugu: aliyetajwa katika habari ile ya kwanza si farasi wala si ngamia, bali ni mbwa. Kama huruma ingekuwa ni kwa wanyama twahara tu, habari ile isingekuja kwa mbwa.

Na wanafunzi wetu wadogo, wasomao Safinatu'n-Naja, huhifadhi kwa moyo sababu za kutayamamu, na mojawapo ni kuhitajiwa maji kwa ajili ya kiu ya mnyama mwenye kuheshimiwa. Husoma kwa sauti nzuri wala hawafikiri wasemacho. Maana yake ni kwamba ukiwa safarini na maji kidogo ya kutawadhia, na hapo pana mbwa asiyedhuru anakufa kwa kiu, basi maji ni ya mbwa, na wewe utatayamamu kwa udongo. Asiyeheshimiwa katika jinsi ya mbwa ni mbwa mkali ashambuliaye watu. Ama mtoto wa mbwa asiyemdhuru mtu, kauli yenye kutegemewa ni kwamba damu yake ina heshima, haijuzu kumwua.

Basi shauri la kumtia katika gunia na kumwacha njiani apondwe na magari au afe kwa njaa ni shauri la haramu. Mwenye kulitoa alidhani anaisaidia dini, ilhali anaivunja. Na hata sheria ya nchi imekataza kumtesa mnyama, nayo ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Nami nakiri kosa langu katika mlango huu. Nilipokuwa mwalimu kijana niliwaona wanafunzi wangu wakimpiga mawe mtoto wa mbwa penye mwembe, nikaendelea kuandika ubao wala nisiwakataze. Nilidhani kuwa najisi wake kunamwondolea haki. Nimesoma Safina mara nyingi kabla ya siku ile. Lakini kusoma ni jambo moja na kufahamu ni jambo jingine.

FASLI YA PILI: KATIKA KUMWEKA MBWA

Suali: Ikiwa kumhurumia kuna thawabu, je, kumweka nyumbani nako ni halali?

Jawabu: Hapa ndipo wengi hupotea, kwani hudhani kulisha na kuweka ni kitu kimoja. Kulisha ni kuokoa uhai. Kuweka ni kumfanya awe wako, akae kwako siku zote. Sharia imeacha mlango wa kulisha wazi, na mlango wa kuweka ikautia kitasa, kisha ikakitoa kitasa hicho kwa mwenye haja.

Imepokewa kwa Abu Hurayra na kwa Ibnu Umar, Mungu awawie radhi, kwamba mwenye kuweka mbwa hupungukiwa kila siku katika amali yake kwa kirati, na katika riwaya nyingine kirati mbili, isipokuwa mbwa wa mifugo, au wa kuwinda, au wa shamba. Na kirati ni fungu la thawabu ambalo kadiri yake aijua Mwenyezi Mungu. Basi hawa watatu wameruhusiwa kwa maneno ya hadithi yenyewe. Ama mbwa wa kulinda nyumba na njia, wanavyuoni wetu wamekhitilafiana, na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amesema katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu, kwa kukisiwa na wale watatu, maana sababu ni moja, nayo ni haja.

Suali: Na mtoto wa mbwa, ambaye bado hawindi wala halindi?

Jawabu: Mas'ala haya hasa ameyataja Imam Nawawi mahali pale pale. Amesema kwamba kumlea mtoto wa mbwa kwa nia ya kumfundisha kuwinda, au kulinda shamba, au kulinda mifugo, kuna kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi ni kwamba yajuzu. Kwani hapana mbwa mkubwa aliyezaliwa mkubwa, na asiyeruhusu mwanzo hawezi kuupata mwisho.

Walakini haja iwe ya kweli. Asiye na shamba wala mbuzi, wala haogopi mwizi, kisha akasema "namweka kwa kulinda", huyo amempa mbwa kazi ya ulimi tu. Na mwenye kumweka kwa kucheza naye, au kwa kuiga watu, au kwa fahari ya kutazamwa, huyo amo katika makatazo. Huruma peke yake humpasa mtu kumwokoa mnyama. Haimfanyi kuwa mwenye haja naye. Basi aliyemwokota mbwa kwa huruma naye hana haja ya kumweka, amlishe na kumhifadhi mpaka ampate mwenye haja, kisha ampe. Kumhifadhi kwa muda asife si kule kuweka kulikokatazwa.

Suali: Akiwa wa halali, alale wapi?

Jawabu: Nje. Imepokewa kwa Abu Talha kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Wako wanavyuoni, kama Al-Khattabi, waliosema kwamba mbwa aliyeruhusiwa hamo katika neno hili. Na Imam Nawawi ameona kwamba neno ni la wote. Basi mwenye busara hutoka katika khitilafu: humjengea kibanda mbali na mlango, mbali na mahali pa kusalia, na mbali na mtungi wa maji. Na hivyo ndivyo kazi yake inavyotaka, kwani mwizi na nguruwe mwitu hawaji chumbani. Huja uani na shambani.

FASLI YA TATU: KATIKA MALIPO YALIYOTOLEWA

Kijana aliniambia kwamba katika nyumba ile aliyomtoa mbwa alitakiwa atoe fedha. Akaogopa, kwani amesikia kwamba thamani ya mbwa ni haramu.

Amesikia haki. Imepokewa kwa Abu Mas'ud al-Ansari kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya mbwa. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i haisihi kumwuza mbwa wa aina yoyote, awe amefundishwa au hakufundishwa, awe koko au awe wa nasaba ya Ulaya iliyoandikwa katika karatasi. Mbwa si mali. Aliye naye ana haki ya kuhusika naye tu, wala hana milki ya kuiuza.

Lakini haki hiyo ya kuhusika yaweza kuhama. Yaweza kuhama bure, na hiyo ndiyo njia iliyo safi zaidi. Na wanavyuoni wa mwisho katika madhehebu yetu wametaja njia nyingine: mwenye haki aseme, "Nimeondoa mkono wangu kwa mnyama huyu kwa kadha wa kadha," na mwenzake aseme, "Nimekubali." Malipo hapo ni ya kuondoa mkono, si bei ya mbwa.

Nawe ujue namna nyumba hizi zilivyo. Ziko katika nchi yetu na kwa majirani zetu: Dar es Salaam kuna chama cha TAWESO, Arusha kuna Mbwa wa Africa, Unguja kuna ZAASO, na Nairobi kuna KSPCA. Na Lamu, mji wa masharifu na wanavyuoni, tangu mwaka 1987 kuna nyumba ya kuwatibu punda. Wanyama huokotwa au huletwa, hulishwa, hutibiwa, hudungwa sindano za chanjo, kisha hutafutiwa watu wa kuwalea. Desturi yao ni kumwuliza mtu kwanza ana nafasi gani, na kumtaka ahidi kwamba hatamtesa mnyama. Basi fedha zitakiwazo huwa ni gharama ya dawa, na chakula, na kazi ya daktari wa mifugo. Aliyetoa fedha aitie nia yake hapo: analipia matibabu au anasaidia kazi ya kheri, wala hanunui mbwa. Na kwa kuwa amali ni kwa nia, lililo bora ni kuwaambia waziwazi, "Mnyama huyu mnipe bure, na hizi ni gharama zenu."

FASLI YA NNE: KATIKA UCHOTARA NA NAJISI

Suali: Majirani wamesema, mbwa huyu ni chotara, ana damu ya mbwa wa Kizungu, na hao huogeshwa kwa sabuni. Je, hukumu yake ni nyepesi?

Jawabu: La. Katika madhehebu yetu mbwa ni najisi kubwa, yeye na nguruwe, na kilichozaliwa na mmoja wao hata kikichanganyika na mnyama twahara. Ikiwa aliyechanganyika na asiyekuwa mbwa hufuata upande wa najisi, itakuwaje kwa aliye mbwa huku na huku? Wala uchotara haumzidishii aibu. Mbwa wa nasaba hana daraja juu ya mbwa koko katika hukumu, si katika najisi wala si katika haki ya kuhurumiwa. Na katika manufaa, mbwa koko amezaliwa katika jua letu na majani yetu, hula kidogo, na akifundishwa hulinda vizuri.

Ndugu zetu wafuatao madhehebu ya Imam Malik wana kauli nyingine katika twahara ya mbwa. Tunawaheshimu, lakini sisi hapa tunafundisha tuliyofundishwa na masheikh wetu.

Sasa fahamu mambo manne, nayo yatakuondolea taabu nyingi.

La kwanza: kikavu kwa kikavu hakinajisishi. Mbwa mkavu akigusa nguo yako kavu, hapana kitu. Najisi huhama kwa unyevu: mate yake, jasho lake, au mvua iliyo juu ya manyoya yake.

La pili: kumgusa mbwa hakuvunji udhu. Ukimgusa naye ni mbichi, wajibu wako ni kuosha mahali palipoguswa, wala si kutawadha upya.

La tatu: namna ya kuosha. Kwanza ondoa najisi yenyewe, kisha mahali paoshwe mara saba, na moja katika hizo maji yachanganywe na udongo safi hata yatibuke. Na kuitanguliza ile ya udongo ni bora. Sabuni haisimami mahali pa udongo kwa kauli yenye nguvu, ijapokuwa ni nzuri kuitumia baada yake. Ama ua wenye udongo, hauhitaji kutiwa udongo mwingine. Yatosha kumiminiwa maji mara saba.

La nne: chakula. Kikiwa cha majimaji, kama uji au mchuzi, naye akatia mdomo, kimwagwe. Kikiwa kigumu, kama ugali au wali uliokauka, liondolewe lile pande aliloligusa na yaliyo kandokando yake, na kilichobaki kiliwe. Na maji ya mtungini, kwa kuwa ni pungufu ya kulla mbili, humwagwa na mtungi huoshwa.

Basi sufuria ya yule mama haikustahiki kutupwa. Kutupa chombo kinachotwaharika ni kupoteza mali, na kupoteza mali kumekatazwa. Tena yatia katika nyoyo za watoto dhana kwamba najisi ni laana isiyoondoka, ilhali ni uchafu uliopewa njia ya kuondoka, na njia yenyewe ni maji na udongo, vitu viwili visivyonunuliwa dukani.

FASLI YA TANO: KATIKA HAKI ZAKE NA KUJIKINGA NA MADHARA YAKE

Mwenye kumweka mbwa wa halali ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Asimfunge kwa mnyororo mchana na usiku, wala asimpige usoni. Asimtoe kwa mama yake kabla hajatimiza kiasi cha wiki 8, maana kabla ya hapo ni mnyonyaji. Na akitakiwa kulinda mbuzi, alelewe karibu nao tangu udogo, ili awajue kama jamaa zake. Huko Namibia tangu mwaka 1994 wafugaji wamepewa watoto wa mbwa waliolelewa namna hii, nao huwalinda mbuzi na kondoo na duma, na hivyo mfugaji hana haja ya kumwua duma.

Na haki iliyo kubwa zaidi, nayo ni haki ya mbwa na ya watu pamoja, ni chanjo ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa achanjwe akitimiza miezi 3, kisha arudiwe kila mwaka, kwa bwana mifugo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mwanadamu, karibu wote hufa. Yakadiriwa kwamba huua watu 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Na katika wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne katika kumi ni watoto chini ya miaka 15. Nao ndio hawa waendao chuoni asubuhi na mbao zao mkononi.

Wataalamu wamesema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Mfano uko karibu nasi. Kisiwani Pemba, ambako watu wake karibu wote ni Waislamu na mbwa si wengi, walianza kampeni za kuwachanja mbwa mwaka 2010. Ugonjwa ukatoweka mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukakatika. Basi asiyependa mbwa naye ana maslaha katika chanjo ya mbwa wa jirani yake.

Suali: Aliyeumwa na mbwa afanye nini?

Jawabu: Aoshe jeraha papo hapo kwa maji yapitayo na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akadungwe sindano. Asingoje aone kama mbwa atakufa. Asitie udongo katika jeraha bichi kwa kudhani anatwaharisha, kwani udongo katika jeraha huleta pepopunda, na sharia haimkalifishi mtu kujidhuru. Habari ya twahara yake ataiuliza akishatibiwa. Na kombe na hirizi visimzuie hospitali. Dua ni silaha ya muumini, lakini aliyetuamrisha dua ndiye aliyetuamrisha kujitibu.

Suali: Nyumba zile huwahasi mbwa kabla ya kuwatoa, ili wasizae wengine wa kutupwa. Je, yajuzu?

Jawabu: Sitaficha. Lililo katika vitabu vya madhehebu yetu ni kwamba haijuzu kumhasi mnyama asiyeliwa, mdogo wala mkubwa. Na wako wanavyuoni wa zama hizi walioruhusu panapo haja ya kuzuia madhara, kwa kuwa mbwa wengi wasio na mwenyewe ni njaa kwao na khatari kwa watu. Basi mbwa aliyekwisha kuhasiwa kabla hajakufikia, wewe huna dhambi katika jambo usilolitenda wala usiloliamuru. Ama asiyehasiwa, mimi sikupi ruhusa kwa kalamu yangu. Ukiogopa kuzaa, mtenge wakati wake, na ukishindwa mwendee aliye mjuzi kunipita umweleze hali yako. Mwalimu asemaye "sijui" au "muulize mwenzangu" hapungukiwi na kitu.

KHATIMA

Nikamrudia yule kijana, nikamwambia: "Mwanangu, sasa sikiliza majawabu yako. Kumwokoa mnyama, hukufanya dhambi, tarajia ujira. Fedha uliyoitoa, itie nia ya dawa. Lakini umekosa katika mambo mawili. La kwanza, wewe huna shamba wala mifugo, nawe umemweka kwa kumpenda tu. La pili, nyumba ile ni ya mama yako, nawe umeingiza ndani yake jambo lililomtaabisha katika sala yake bila ya idhini yake. Huruma kwa mnyama haiwi njia ya kumhuzunisha mzazi. Nenda ukambusu mkono umtake radhi."

Akasema: "Na mbwa, Maalim?"

Nikamwuliza: "Mjomba wako aliye bondeni, mwaka huu amevuna nini?"

Akainamisha kichwa, akasema: "Mahindi yameliwa na nguruwe mwitu, na mihogo imeng'olewa na nyani. Na mbuzi wawili wamepotea."

Nikasema: "Basi mwenye haja ni mjomba wako. Mpelekee, umpe bure, na umwonyeshe kadi ya chanjo ili ajue siku ya kurudia."

Mjomba alimpokea, akamjengea kibanda cha fito karibu na zizi la mbuzi. Na yule mama nilimtumia salamu kwamba sufuria yake iokotwe jalalani iletwe madrasani. Ikaletwa. Nikawakusanya wanafunzi, nikamwambia mmoja achote udongo safi, mwingine ashike kata ya maji. Wakaosha, na wote wakahesabu kwa sauti: moja, mbili, hata saba. Kisha sufuria ikarudishwa kwa mwenyewe, naye akaipikia wali, akatuletea sahani.

Siku ile wanafunzi walifahamu mlango wa najisi kuliko walivyoufahamu kwa miezi mingi ya kuuimba. Na mmoja mdogo wao akaniuliza: "Maalim, ikiwa mbwa ana kiu naye ni najisi, nimpe maji katika chombo gani?" Nikamwambia: "Mpe katika kifuu cha nazi, ukiweke kando, kiwe chake siku zote."

Hayo ndiyo tuliyojaaliwa kuyaandika. Lililo sawa latoka kwa Mwenyezi Mungu, na lililokosewa ni katika upungufu wetu. Atakayeliona na atuonyeshe kwa upole. Ewe msomaji, muombee dua aliyeandika, na aliyepiga chapa, na yule aliyeuliza, kwani lau si suali lake tusingelikumbuka haya. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wale wanaohurumia, ili nasi tuhurumiwe siku ambayo hapana kivuli ila kivuli chake. Amin.

Wabillahi ttaufiq.